SOMO: Meza ya maonyesho ya sayansi shuleni, kuanzia swali hadi siku ya majaji

Kila msimu wa maonyesho naona vijana wenye kazi nzuri wakipitwa mezani, kwa sababu bango limejaa nadharia za kitabuni na kile walichokifanya kwa mikono yao hakionekani. Jaji anatafuta ushahidi. Nitatumia mradi mmoja tu, friji ya vyungu viwili: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa chenye maji juu. Vifaa vyote vipo sokoni.

Hatua ya 1: Swali. "Kutengeneza friji isiyotumia umeme" si swali. Chungu hiki kinajulikana. Mwalimu Mohammed Bah Abba alikieneza kaskazini mwa Nigeria akapata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Mwanafunzi aseme hivyo wazi, kisha aulize la kwake: kwa hewa ya Dar es Salaam, nyanya zinakaa siku ngapi zaidi chunguni kuliko mezani? Hapo ndipo penye sayansi. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, na penye unyevu mwingi hewani hukauka polepole, kwa hiyo Dodoma, kwenye hewa kavu, chungu kitapoa vizuri kuliko Dar. Kijana wa Pwani akipata matokeo hafifu asiyafiche, ni matokeo halali kabisa.

Hatua ya 2: Daftari. Kaunta buku moja, tangu siku ya kwanza. Tarehe, saa, joto la ndani ya chungu, joto la chumba, nyanya ngapi zimelainika. Apime asubuhi, saa nane mchana na jioni. Akikosea, apige mstari mmoja juu ya namba na kuandika iliyo sahihi pembeni, ukurasa usichanwe. Daftari lenye alama za vidole vya udongo linaaminika kuliko nakala safi iliyoandikwa usiku wa kuamkia maonyesho.

Hatua ya 3: Jaribio. Nyanya za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, ukomavu sawa. Fungu moja chunguni, moja mezani, na la tatu kwenye vyungu vikavu visivyotiwa maji. Wengi huliacha hilo la tatu, na ndilo linaloonyesha kama kazi imefanywa na maji au na kivuli tu. Rudieni walau mara tatu.

Hatua ya 4: Bango. Katoni yenye mikunjo mitatu, iliyobandikwa manila nyeupe. Kushoto swali na njia, katikati grafu, kulia matokeo na hitimisho. Herufi za kichwa ziwe na kimo cha sentimita 5 hivi, zisomeke kutoka mbali. Aya isizidi mistari minne. Grafu iwe kubwa kuliko kitu kingine chochote, yenye mstari wa rangi yake kwa kila fungu na vipimo vilivyoandikwa kwenye mihimili. Njano juu ya nyeupe haisomeki. Gundi ya maji huikunja manila, tumieni teipu ya pande mbili.

Hatua ya 5: Meza. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mtu huenda kuliona fuvu kwanza, maelezo anayasoma baadaye. Basi chungu kikae mbele, kimeloweshwa tangu alfajiri, juu ya sinia ili maji yasifike kwenye bango. Kipimajoto kimoja ndani, kingine nje. Mgeni aingize mkono, ajionee.

Hatua ya 6: Kuongea. Dakika mbili, bila kusoma. Asilolijua aseme, "Hilo sikulipima."

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Shule yetu haina printa, tutapunguziwa alama?
Jibu: Marahaba. Mwandiko safi unatosha. Pigeni mistari ya penseli kwanza, na aandike mmoja mwenye mkono mzuri.

Swali: Wanafunzi wangu ni wawili, ila mmoja ndiye msemaji. Niwaache hivyo?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Jaji mzoefu humgeukia yule aliyenyamaza. Kila mmoja aweze kueleza grafu yote, na wafanye mazoezi mbele ya darasa jingine.

Swali: Mimi ni mzazi. Nisaidie hadi wapi?
Jibu: Nunua vyungu, mpeleke sokoni, muulize maswali magumu. Kupima na kuandika mwachie mtoto, ni kazi yake mwenyewe.

Swali: Nyanya za chunguni zimeota ukungu kabla ya za mezani! Tubadilishe mradi?
Jibu: Msibadilishe, huo ni ugunduzi mzuri. Ndani kuna ubaridi, lakini unyevu nao umezidi, na ukungu unaupenda. Andikeni kama ilivyo. Mkiwa bado na wiki mbili, anzeni leo jaribio la pili: chungu kimoja kifunikwe muda wote, kingine kifunuliwe kwa muda kila asubuhi. Kisha leteni grafu hapa tuisome pamoja.