Somo: Namna ya kuijua shule ya sekondari ya serikali kama ni nzuri kabla hujampeleka mtoto (kwa wazazi wa Amu, yaani mji wa Lamu, na visiwani)

Asalam aleikum wazazi wenzangu.

Kila matokeo yakitoka ni yale yale, bango linatundikwa langoni, picha za watoto watatu wanne wenye A minus na B plus, na sisi tunasema ah shule ile imefanya, twende tukatafute nafasi. Hakuna anayeuliza wale wengine wote waliokaa darasa moja na hao watatu wamepata nini. Mimi niko kwenye kamati ya wazazi hapa Amu na haya maswali naulizwa gatini, naulizwa sokoni, naulizwa nikitoka msikitini, basi nayaandika yote pamoja hapa. Na msimamo wangu nausema mapema: shule ipimwe kwa vile inavyomfanyia mtoto wa katikati na wa nyuma, manake yule wa mbele angefaulu hata ukimfungia chumbani na vitabu vyake.

HATUA YA 1: Omba matokeo yote, usikubali wastani peke yake

Pointi za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, wengi mnazijua, A ni 12, A minus 11, B plus 10, zinashuka moja moja, C plus ni 7, C minus 5, D plain 3, mpaka E ambayo ni 1. Wastani wa shule ni kujumlisha pointi za watoto wote kisha unagawa kwa idadi yao. Sasa hebu tuchukue shule mbili za kubuni, kila moja ina watahiniwa 40.

Shule ya kwanza: B plain 6, C plus 4, halafu 30 wote D plain. Jumla pointi 172, wastani 4.3.

Shule ya pili: C plus 4, C minus 12, D plus 12, D plain 12. Jumla 172, wastani 4.3.

Wastani ni ule ule kabisa. Ya kwanza imetoa watoto kumi wa kuingia chuo kikuu, na ndio watakaowekwa kwenye bango, lakini hao thelathini waliobaki ni kama hawakufundishwa, hakuna hata mmoja aliyefika C minus ya kuombea diploma. Ya pili imepeleka wanne tu chuo kikuu lakini kumi na wawili wengine wana njia ya diploma, na hata waliobaki nusu yao wamevuka D plain. Ukiniuliza mimi nampeleka mwanangu ya pili, kwa sababu ile ya kwanza inanionyesha kuna darasa moja linapewa walimu wazuri na mengine yameachwa. Kama mtoto wako ni mkali sana unaweza kuona vingine, sikatai, lakini angalau utakuwa umechagua ukijua.

Kuna maswali mengine mawili ya kuuliza hapo hapo. La kwanza, hao watoto waliingia na maksi ngapi za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi? KCPE ya mwisho ilifanywa 2023 na watoto hao watakaa KCSE 2027, kwa hivyo mpaka mwaka huo kila matokeo yanaweza kulinganishwa na maksi za kuingilia. Shule iliyopokea watoto wa 220 kwa 500 ikawatoa na C imefanya kazi kubwa kuliko iliyopokea wa 360 ikawatoa na C hiyo hiyo. La pili, walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi na waliokalia mtihani ni wangapi? Hili watu hawaliulizi na kwetu visiwani ndilo linaloniuma zaidi. Wakiingia 90 wakamaliza 60, wale thelathini wako wapi, wasichana wameolewa, wavulana wameingia baharini, au wameambiwa wewe utatuangusha rudia darasa? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kumrudisha mtoto darasa, ukisikia shule inafanya hivo ili wastani upande jua wastani huo umelipwa na mtoto wa mtu.

HATUA YA 2: Walimu

Majengo tunayaona haraka, walimu hatuwaulizii. Uliza walioajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, ni wangapi na wa BOM, yaani bodi ya shule, ni wangapi. Sisemi wa BOM ni wabaya, wako vijana wanafundisha vizuri sana, ila mshahara wao ni mdogo na unatoka kwenye shule yenyewe, TSC ikiwaita au wakipata kazi Mombasa wanaondoka katikati ya muhula na huwezi kuwalaumu. Na hata wa TSC, wengi wanaoletwa huku kwetu ni wa kutoka bara, wakipata nafasi ya uhamisho wanakwenda. Kwa hivyo swali langu mimi silipeleki kwa mwalimu mkuu, nampata mtoto wa kidato cha nne namuuliza: tangu uingie shule hii umefundishwa hesabu na walimu wangapi? Akisema mmoja au wawili, sawa. Akianza kuhesabu kwa vidole na kuna muhula mzima hawakuwa na mtu, usitafute ushahidi mwingine.

Omba pia kuona daftari zake za muhula huu, si daftari moja, ziangalie zote. Kazi imesahihishwa au ni vema moja kubwa kwa kurasa tano? Na tarehe je, zinafuatana au zinaruka wiki tatu?

HATUA YA 3: Masomo yanayofundishwa kweli

Gredi 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu kwenye mtaala mpya, imeanza Januari 2026 na mikondo ni mitatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Mtoto anachagua masomo matatu ya mkondo wake juu ya yale ya lazima. Tatizo ni kwamba shule inaweza kuorodhesha somo na isiwe na mwalimu wake. Kwa hivyo usiulize mnafundisha nini, uliza nani anafundisha, jina lake, na yuko leo? Wanaotaka Kiarabu na elimu ya dini ya Kiislamu waulize hivyo hivyo.

Na kumbukeni Gredi 10 hawa wa kwanza wanamaliza 2028, kwa hivyo akija mtu akakwambia shule fulani inaongoza kwa mtaala mpya anakisia tu, matokeo yake bado hayapo.

HATUA YA 4: Nenda mwenyewe, siku ya kawaida

Siku ya mkutano wa wazazi shule yoyote inapendeza. Nenda Jumanne au Jumatano saa nane mchana, jua kali, watu wameshakula, uone madarasa mangapi yana mwalimu ndani.

Maabara: fungua bomba uone kama maji yanatoka, uliza gesi ipo, angalia vumbi kwenye bureti, ile mirija ya glasi ya kupimia. KCSE ya kemia, fizikia na bayolojia kila moja ina karatasi ya tatu ya vitendo ya maksi 40, na mtoto anayeshika bureti mara ya kwanza akiwa kidato cha nne anaingia ile karatasi akitetemeka, hata kama nadharia anaijua.

Maji na vyoo: huku kwetu visima vina chumvi, uliza maji ya kunywa yanatoka wapi, kuna tangi au jabia la mvua na linasafishwa lini. Vyoo vya wasichana viwe na mlango unaofunga na maji ndani. Msichana anayekosa shule siku nne kila mwezi kwa sababu hiyo, mwisho wa mwaka hesabu inaonekana kwenye matokeo.

Bweni nalo naomba mnisikilize vizuri. Mwongozo wa usalama wa wizara wa 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2. Septemba 2024 kule Endarasha, Nyeri, watoto 21 walikufa bweni likiungua usiku. Mimi nikiona dirisha la bweni lina vyuma sitaki kusikia habari ya wastani tena. Uliza funguo za usiku anakaa nazo nani na analala wapi.

HATUA YA 5: Pesa

Omba karatasi ya karo iliyoandikwa. Mwongozo wa wizara ni shilingi 53,554 kwa mwaka kwa zile za kitaifa na 40,535 kwa bweni nyingi nyingine, na kwa kila mwanafunzi serikali inatakiwa itoe 22,244. Ukiona imepita hapo uliza ya nini, na risiti uipate. Basi, hapo hapana mengi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Mkomani: Shukran kwa somo. Binti yangu yuko Gredi 9, mjomba wake anataka tuchague shule za Mombasa na Malindi peke yake, anasema za huku hazina maana. Mimi naona mbali. Nifanyeje?

Jibu: Bi mkubwa, wale wa 2025 walichagua shule 12, tisa za bweni na tatu za kutwa karibu na nyumbani, kwa hivyo zote haziwezi kuwa za mbali. Mjomba mheshimu ila mwombe alete matokeo kamili ya hizo shule zake kama nilivoeleza hatua ya 1. Na piga hesabu ya safari, boti mpaka Mokowe, basi Witu, Garsen mpaka Malindi, kila likizo kwenda na kurudi. Shule ya kutwa yenye walimu waliotulia, mtoto analala kwako unamuona usoni kila jioni, mimi siidharau hata kidogo.

Nahodha wa Kizingitini: Kaka mimi mvuvi, nataka kijana wangu asome mambo ya bahari kisasa, nimesikia kuna somo lake. Ni kweli au maneno tu?

Jibu: Ni kweli nahodha. Ndani ya STEM kuna masomo ya ufundi na moja ni teknolojia ya bahari na uvuvi. Bandari ya Lamu gati la kwanza limefunguliwa 2021, watoto wetu wakiwa na hilo somo itawafaa. Lakini rudi hatua ya 3, mwalimu yuko? Vifaa viko? Kama shule ina jina la somo tu bila mtu, afadhali achukue fizikia na hesabu kwa mwalimu anayejua, njia ya mambo ya bahari bado itakuwa wazi kwake baadaye.

Baba Swaleh wa Faza: Mwalimu mkuu akikataa kunipa matokeo ya wote? Nilishaambiwa hiyo ni siri ya ofisi.

Jibu: Majina ya watoto wa watu wana haki ya kuyaficha, hayo usiyatake. Idadi ya A ngapi, B ngapi, mpaka E, hiyo si siri, ni shule ya umma. Anza na mwakilishi wa wazazi kwenye BOM, mara nyingi hapo inaisha. Ikishindikana andika barua, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika kwa adabu, weka nakala.

Mwalimu wa Kemia: Nimesoma yote na nasikitika kidogo. Mnakuja na maswali mengi kama polisi, lakini mkutano ukiitwa wazazi ni kumi. Mtoto anakuja Jumatatu hana kalamu. Halafu lawama ni ya shule?

Jibu: Mwalimu, la mikutano una haki na nalisema kwenye kamati kila mara. Lakini swali la maksi za kuingilia linakutetea wewe, mzazi anayeuliza hilo hatakutukana kwa wastani wa 4 akijua ulipokea watoto wa namna gani. Na maabara ikiwa haina gesi, sisi tusipouliza utaendelea kuchora jaribio la titresheni ubaoni mpaka ustaafu.

Mwalimu wa Kemia: Hilo la gesi umelisema kweli. Njooni basi, lakini mje pia kwenye bajeti.

Jibu: Tutakuja inshallah. Tupe tarehe.

Dada wa mji wa Hindi: Shule ikiwa na viboko nifanyeje? Mdogo wangu anarudi na alama mgongoni na watu wanasema ndio nidhamu ya shule nzuri.

Jibu: Pole sana dada. Kiboko kimekatazwa shuleni tangu 2001 na sheria ya 2013 ikarudia. Mpeleke hospitali aandikiwe karatasi, piga picha, kisha nenda kwa mwalimu mkuu na mtu mzima mwenzako, asipochukua hatua nenda ofisi ya TSC ya kaunti na ofisi ya watoto. Usiende peke yako na usiende ukipiga kelele. Na mtoto akae nyumbani mpaka jambo lisikilizwe.

Gredi 9 Mokowe: Mimi ni mwanafunzi. Mamangu hakusoma na babangu yuko safari za bahari. Naweza kuuliza haya maswali mwenyewe?

Jibu: Unaweza mwanangu, na vizuri umeuliza. La walimu wa hesabu na la daftari waulize wanafunzi wa shule hizo unaowajua, hayo hayahitaji mtu mzima. La matokeo na la bweni mwambie mamako apite kwa mwakilishi wa wazazi wa darasa lako, waende pamoja, kusoma si lazima, macho yake yatatosha kuona vyoo na madirisha. Wewe andika kwanza masomo unayoyataka, kisha tafuta shule zilizo na walimu wake, na siku ya kujaza zile shule kaa karibu na mwalimu wa darasa uone kila jina linaloingia, asikujazie mtu wakati haupo.