Umeachia Mtu Mali Nakuru na Hataki Kuirudisha? Anza na Barua

Ulimwachia binamu yako pikapu kule Lanet akutunzie. Sasa unataka aikabidhi kwa dada yako, naye anakuzungusha: leo yuko Molo, kesho gari liko kwa fundi. Sheria ya Kenya inakuruhusu kumshtaki anayezuilia mali yako bila haki, iwe gari, mashine ya kusaga mahindi au ng'ombe. Lakini kabla ya yote, mdai kwa maandishi. Naona Wakenya wengi wa ughaibuni wakiliruka jambo hili, na linawaumiza.

Sababu ni hii: alipokea gari kwa ruhusa yako, kwa hiyo kulishika tu si kosa. Kosa huanza pale unapomtaka alirudishe naye akakataa, au akanyamaza mpaka ikawa wazi kwamba hana nia. Makelele kwenye grupu la WhatsApp la familia hayathibitishi hilo. Andika barua yenye namba ya gari, namba ya chesisi, siku ulipomwachia na mliyokubaliana. Kisha uwe wazi kabisa: "Nataka umkabidhi dada yangu pikapu hiyo, funguo zote mbili na spea, ukiwa nyumbani kwako Lanet, kabla ya saa kumi jioni ya tarehe fulani." Siku 14 zinatosha. Ambatisha idhini uliyotia sahihi inayomtaja dada yako, la sivyo binamu atasema hakujua kama kweli ametumwa, na hapo atakuwa na hoja. Mpelekee kwa mkono, atie sahihi kwenye nakala. Umtumie pia kwa simu.

Usikawie. Madai ya aina hii yana miaka 3 tu. Ikiwa aliliuza, muda unaweza kuhesabiwa tangu siku ya kuuza, hata kama wewe hukuwa na habari.

Logbuku ndiyo inayowatesa wengi. Gari lilinunuliwa kwa pesa zako lakini likasajiliwa kwa jina la ndugu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa nyumbani. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa mwenye gari, ila ushahidi mwingine unaweza kulipindua hilo. Tafuta risiti za benki, stakabadhi za uagizaji na jumbe alizokuita mwenye gari. Zihifadhi kwenye simu ile ile zilikopokelewa, usizifute.

Fundi wa gereji ni habari nyingine. Akiwa anadai pesa za kazi aliyoifanya kwa ruhusa, ana haki ya kulishika gari mpaka alipwe, basi mlipe kwanza. Wala usitume vijana walichukue gari usiku. Utaigeuza kesi yako nzuri kuwa kesi dhidi yako.

Mali ikiwa haizidi shilingi 1,000,000, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Nakuru ipo, Kisumu pia, na sheria yake ya 2016 inataja waziwazi madai ya kurudishiwa mali inayohamishika. Kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Kama huwezi kufika, mwakilishi anaweza kusimama kwa niaba yako, mradi mahakama iridhike kwamba anaijua kesi na ana mamlaka ya kukubali au kukataa suluhu. Hati ya uwakilishi (power of attorney) uisaini mbele ya mthibitishaji wa hati (notary) huko uliko, lakini muundo wake uupate kwanza kwa wakili wa Kenya. Thamani ikizidi hapo, ni mahakama ya hakimu. Ardhi ina mahakama yake.

Iombe mahakama mambo matatu kwa pamoja: gari lirudishwe; lisipopatikana, ulipwe thamani yake; na fidia ya muda ulioikosa huduma yake. Kama lilikuwa likibeba viazi kutoka Molo, rekodi za malipo hayo ndizo zitakazokupa fidia.

Wazee na chifu wanaweza kusuluhisha, na Katiba inaitambua njia hiyo. Mimi ningewapa nafasi baada ya barua, siyo badala yake, na makubaliano yaandikwe na mashahidi watie sahihi. Siku ya kukabidhiwa, dada yako apige picha za mita ya kilomita, tairi na injini kabla hajasaini chochote, kwa sababu akishasaini kwamba amepokea gari likiwa zima, dai la uharibifu litakuwa gumu mno kulithibitisha.