Afya Inapokuzuia Kuendelea na Kazi: Njia ya Kupata Msaada na Ajira Nyingine Mombasa

Mpagazi wa bandari ya Kilindini, mpishi wa hoteli ya Nyali na mshonaji wa kiwandani wote hula kwa nguvu za mwili, na mwili unapokataa, wengi wao hukimbilia kuandika barua ya kuacha kazi. Tafadhali usiiandike. Anayejiuzulu humpunguzia mwajiri wajibu wake na kujidhoofishia madai yake mwenyewe.

Anza kwa daktari, iwe ni Hospitali Kuu ya Pwani au penginepo, na uombe ripoti inayoeleza kazi usizoweza. Cheti kinachosema tu "mgonjwa apumzike" hakimsaidii meneja kukupangia kazi nyingine. Kinachosema "asinyanyue zaidi ya kilo 10, asisimame zaidi ya saa moja, kwa muda wa miezi sita" kinamsaidia. Toa nakala, na kila unayoipeleka ofisini igongwe muhuri wa kupokelewa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Mwajiri anayetaka kukuachisha kwa sababu ya afya analazimika kwanza kukueleza sababu hiyo kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, na kukusikiliza.

Ikiwa umeumia kazini au ugonjwa umetokana na kazi, hapa ndipo penye fedha nyingi zaidi, na ndipo wengi hupoteza haki kwa kunyamaza. Mjulishe mwajiri mara moja, kwa maandishi ikiwezekana, kwa kuwa naye, tangu apate taarifa, ana siku 7 za kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa serikali wa usalama na afya kazini. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12. Gharama za matibabu ni za mwajiri, na fidia ya ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 96, ikipungua kulingana na kiwango cha ulemavu. Usiporidhika na uamuzi wa mkurugenzi, una siku 60 za kuupinga.

Asiyeweza tena kazi yoyote aulize NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kuhusu mafao ya ulemavu. Mwenye mkopo wa sacco au benki aulize kama mkopo huo una bima ya ulemavu wa kudumu, kwani mingi inayo na wakopaji hawaambiwi. Michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, nayo huenda ikakoma pamoja na mshahara, kwa hiyo jilipie mwenyewe.

Ukipimwa na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, unaweza kuomba vifaa vya kazi, na ukiajiriwa tena, KRA, mamlaka ya kodi, inaweza kukusamehe kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi.

Kuhusu kazi mpya, omba kwanza kwa mwajiri uliye naye: aliyekuwa akipakua shehena anaijua vizuri kiasi cha kuwa karani wa kuihesabu. Ndugu watakushauri ukaange viazi karai jioni. Ni biashara nzuri, lakini ina kuinama, kubeba ndoo za maji na kusimama mbele ya moto, na aliyeumia mgongo hatamaliza mwezi. Pima kila kazi kwa ripoti ya daktari kabla ya kutia mtaji. Kibanda cha M-Pesa, mapokezi au ushonaji wa nyumbani huweza kukufaa zaidi.