Kununua PlayStation ya Zamani Mbeya: Anza na Umeme

Anayetafuta PlayStation 2 Mbeya leo asitegemee kuipata mpya ndani ya boksi, kwa kuwa ilianza kuuzwa mwaka 2000 na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2013. Zilizobaki ni za mitumba, ambazo utazikuta sokoni Mwanjelwa, kwa mafundi wa redio, au kwa wenye vibanda vya gemu waliokwisha kuhamia PlayStation 4, na kila moja ina historia ambayo muuzaji ama haijui ama hapendi kuisimulia.

Kabla ya kuuliza bei, igeuze mashine usome kibandiko cha chini. Umeme wetu ni wa volti 230, ilhali mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hutumia volti 100 na ya Marekani volti 120. Katika PlayStation 2, namba ya modeli inayoanza na SCPH husema mengi: ikiwa tarakimu ya mwisho ni 0, mashine ni ya Japani, 1 ni ya Marekani, 3 ni ya Uingereza, na hiyo ya Uingereza hutumia umeme kama wetu na hata plagi yake ni ya pini tatu kama zetu. Muuzaji akikupa adapta ya plagi na kukuhakikishia kwamba tatizo limekwisha, kumbuka kwamba adapta hiyo hubadilisha meno tu, umeme unabaki uleule. Mimi nililijua hilo nikiwa Iringa, siku nilipoichomeka ya Kijapani ukutani: ulisikika mlio mmoja mdogo, ikafuata harufu ya plastiki, na fundi hakuwa na la kuniambia ila pole. Ukiipenda ya Japani au ya Marekani, ongeza katika hesabu yako bei ya transfoma ya kushusha umeme. Kwa zile nyembamba ambazo chaja yake iko nje, kibandiko cha kusoma ni kile cha kwenye chaja.

Umeme ukikubali, omba iwashwe palepale, na isiwe kwa dakika mbili. Nenda na waya wako wa AV, ule wa kuiunganisha na TV, na CD zako mwenyewe, kwa sababu CD ya muuzaji ni ile ambayo tayari anajua inasomeka. Lenzi ya PlayStation 2 husoma CD na DVD, na ikichakaa huweza kusoma aina moja na kuikataa nyingine. Kwa hiyo jaribu zote mbili, kisha acha gemu liendelee kwa nusu saa. Kama inasoma CD za kuchoma peke yake, uliza ilifunguliwa na nani na alibadilisha nini. Hifadhi gemu kwenye memori kadi, zima, washa tena, uone kama lipo. Pedi ijaribu kitufe kwa kitufe, katika matundu yote mawili.

PlayStation 3 zile nene za mwanzo, za mwaka 2006 na iliyofuata, sizishauri hata kwa bei ya kutupa. Joto huziharibu ndani, zikawasha taa ya njano na kuzima, na wapo wanaozipasha moto ubao wake ili zifufuke kwa siku chache tu, muda unaotosha kuuza. Nyembamba za kuanzia mwaka 2009 ni salama zaidi. Kwa Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, fahamu kwamba duka lake la mtandaoni lilifungwa Julai 2024, hivyo tegemea gemu za CD na zile zilizokwisha kuwekwa ndani.

Bei ikiwa ya chini mno na muuzaji ana haraka, hasa akikuita pembeni ya stendi, fikiria kwamba huenda ni mali ya wizi. Andikianeni karatasi ya mauziano yenye namba ya modeli, jina na simu yake; asiyetaka kuandika, muage kwa heri.

Kama unaisafirisha kwa basi hadi Njombe au Makete, toa CD ndani yake na uipakate mwenyewe badala ya kuiweka buti. Ukifika usiku wa baridi ya Julai na kuiingiza kwenye nyumba yenye jiko la mkaa, iache saa mbili bila kuiwasha, unyevu ulioshika ndani ukauke.