Somo: Kununua gari ya spoti yenye cheti kutoka yadi ya Dar ukiwa Mwanza

Wakuu, swali linalorudi hapa kila mara ni hili: nipo Mwanza, nimeona Toyota 86 safi yadi Dar, wanasema imekaguliwa na ina cheti, nitume hela? Jibu langu: usitume hata shilingi ya gari kabla hujalipa shilingi ya fundi. Cheti kinaeleza kile alichokiona mkaguzi siku ile, na baada ya hapo gari imepanda meli, imekaa bandarini, imepigwa jua yadi na kuendeshwa na kila kijana aliyekuja "kuijaribu". Kutoka Mwanza hadi hiyo yadi ni zaidi ya kilomita 1,100. Kitu cha kwanza unachonunua ni macho ya mtu unayemwamini.

Natumia 86 kama mfano kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana. Subaru BRZ ni gari ileile kwa sehemu kubwa, zote zimetoka kiwanda cha Subaru, injini FA20 ya cc 1998. Namba ya chesisi ya 86 ya kwanza inaanza na ZN6, ya BRZ inaanza na ZC6. Ukiona vingine kwenye karatasi, uliza.

Hatua ya 1: Pima geti lako

Kabla ya kupiga simu Dar, chukua rula uende kwenye njia ya kwako. 86 ambayo haijaguswa ina sentimita 13 kutoka uvungu hadi chini. Nyingi zinazouzwa zimeshashushwa, kwa hiyo toa sentimita mbili au tatu. Sisi tunaoishi mlimani, Isamilo, Bugando, Bwiru, tunajua mawe yalivyo. Kama Vitz ya jirani inakwaruza, hii haitapita, na hapo somo limeisha, nenda katafute Mark X.

Hatua ya 2: Jua ni cheti gani unachoonyeshwa

Hapa ndipo watu wanapoliwa, kwa sababu neno "cheti" linabeba karatasi nne tofauti na muuzaji hatakwambia ni ipi.

Ya kwanza ni ya wakala wa Japani. Toyota wana mpango wao wa magari yaliyotumika unaoitwa T-Value: gari inasafishwa kwa kina, inapewa karatasi ya hali yake na waranti ya mwaka mmoja. Ni mpango mzuri, ila waranti hiyo ni ya mteja aliye Japani. Ikishafika Kurasini imebaki historia.

Ya pili ni karatasi ya mnada wa Japani ambako gari iliuzwa. Hii naipenda. Ina daraja: 4 na 4.5 ni gari nzuri, 3.5 ina makovu ya kawaida, R au RA maana yake iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Pembeni kuna mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari ya spoti yenye XX kwenye boneti na W kwenye fenda zote mbili za mbele, huhitaji kuambiwa ilikutana na nini.

Ya tatu ni cheti cha ukaguzi kinachotakiwa na TBS. Hicho kinasema gari inafaa kuingia barabarani: breki, taa, usukani. Hakisemi gia ya tatu inaingiaje injini ikiwa ya moto.

Ya nne imechapishwa yadi, ina mhuri wa bluu na nyota pembeni. Iweke kando.

Halafu kuna karatasi ambayo haiitwi cheti kwenye tangazo lakini inazipita zote: ile ya Japani ya kufuta usajili ili gari isafirishwe nje. Ina namba ya chesisi, mwezi wa usajili wa kwanza na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Linganisha kilomita hizo na za dashibodi. Miaka yake huandikwa kwa kalenda ya Kijapani: ya Heisei unajumlisha 1988, ya Reiwa unajumlisha 2018. Heisei 24 ni 2012. Reiwa 3 ni 2021. Ukifungua mlango wa dereva au boneti mara nyingi utakuta pia stika ndogo ya kubadilisha oili yenye tarehe na kilomita. Wauzaji wanaorudisha kilomita husahau kuibandua.

Hatua ya 3: Spring za valvu

Novemba 2018 Subaru ilitangaza kuziita gari zake zilizotengenezwa 2012 na 2013 zibadilishwe spring za valvu, 86 na BRZ zikiwemo. Kazi hiyo inataka injini ishushwe. Tatizo lilikuja baadaye: baadhi ya mafundi walipaka silikoni nyingi wakati wa kufunga, vipande vikaangukia ndani, vikaziba chujio la pampu ya oili, beringi zikafa. Kwa hiyo kwa gari ya miaka hiyo maswali ni mawili: ilifanyiwa, na imetembea kilomita ngapi tangu ifanyiwe? Iliyofanyiwa na ikatembea elfu thelathini bila kelele mimi naichukua. Ambayo hakuna anayejua, fundi afungue sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, aangalie chujio, au bei ishuke kwa kiasi cha kazi hiyo.

Hatua ya 4: Fundi wako na video

Tafuta fundi wa Subaru aliye Dar asiyejuana na yadi. Mlipe wewe. Aende asubuhi mapema, injini ikiwa baridi, aguse boneti kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto maana yake wameipasha ili kuficha kitu. Apige video moja isiyokatwa: namba ya chesisi, kilomita, kuwasha, moshi, kisha kompyuta ikisoma makosa.

Kuna sauti ya nyenje utaisikia upande wa injini. Ni pampu ya petroli ya presha kubwa, gari hizi nyingi zinayo, usiogope. Kinachotakiwa kukuogopesha ni kugonga kunakoongezeka ukikanyaga mafuta, na gia ya pili au ya tatu kukwaruza gari ikiwa imeshapata moto. Aangalie taa za nyuma kama zina ukungu ndani, ugonjwa wa zile za mwanzo. Na asome tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Kashata, yaani meno ya tairi, bado zinaonekana za kutosha, lakini mpira umeshazeeka na wewe una safari ya Singida.

Hatua ya 5: Karatasi za hapa nyumbani

Jina la yadi litafute BRELA, kwa msajili wa kampuni. Kama gari imeshasajiliwa, tumia namba yake kuangalia faini kwenye mfumo wa polisi na deni la maegesho TARURA. Kadi halisi ionekane kwenye video. Jina la benki likiwemo, mkopo haujaisha. Kama haijasajiliwa, dai karatasi za TRA za kutolea mzigo.

Hatua ya 6: Waranti kwa maandishi

"Tunatoa waranti ya miezi mitatu." Sawa, ya nini? Nani anatengeneza, wapi, na nani analipa lori kuirudisha Dar gia boksi ikifia Shinyanga? Waranti inayodai uipeleke gari yadi kwao haikusaidii uliye Mwanza. Omba waandike kwamba matengenezo yanaweza kufanyika Mwanza kwa fundi mliyekubaliana, na kiwango cha juu watakacholipa. Wengi watakataa. Wakikataa, kata hiyo waranti kwenye bei, maana waliihesabu ndani.

Hatua ya 7: Hela

Akaunti ya benki yenye jina la kampuni, basi. Namba ya simu ya "meneja" hapana, hata kama ni advansi. Mkataba kwa wakili, risiti ya EFD yenye bei kamili, na bima kubwa ianze siku unayokabidhiwa funguo.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Sengerema: Mwangaluka mkuu. Kwa nini nisiagize mwenyewe Japani? Naona bei nusu.

Mwangaluka. Hiyo bei nusu haina kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa cc 1998 ni asilimia 5, na gari iliyovuka miaka 10 inaongezwa 30. Juu ya yote hayo VAT 18. Kodi inaweza kukaribia thamani ya gari yenyewe, na thamani hiyo anaikadiria TRA, ankara yako haimlazimishi. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yao, kiangalie kabla ya kitu kingine. Kuagiza kuna faida moja kubwa: karatasi ya mnada unaipata wewe mwenyewe.

Wa Buhongwa: Kaka, vipi kuhusu Mazda RX-8? Bei yake inanivuta.

Inavuta kwa sababu. Ile injini ya rotari inakula oili kwa jinsi ilivyotengenezwa, na kompresheni yake inapimwa kwa kifaa maalumu. Usinunue ya mbali bila kipimo hicho.

Wa Igoma: Mkuu unatisha watu. Jamaa yangu alituma hela, gari ikaja, mwaka wa pili huu inadunda.

Nafurahi kwa jamaa yako. Muulize kama aliwahi kufungua sampo.

Wa Musoma: Niilete kwa lori au niendeshe?

Ikiwa imeshushwa, lori. Ikiwa ya kiwandani, endesha, lakini lala Dodoma au Singida, usikimbizane na mabasi. Matuta ya vijijini mengine hayana alama, na kwenye vibao vya 50 tochi zipo. Nyingi za Japani hazina tairi la akiba, zina dawa ya kuziba pancha tu, ambayo haisaidii tairi likichanika ubavuni. Tafuta tairi la saizi yake, mara nyingi 215/45 R17, uliweke nyuma. Viti vya nyuma havina kazi nyingine.

Wa Geita: Shikamoo mwalimu. Yadi wanasema nibaki na kadi yenye jina la mmiliki wa zamani, tutabadilisha "baadaye". Kuna shida?

Marahaba. Ipo. Faini zake, deni lake na kesi zake zitakufuata wewe unayeendesha, na siku ya kuuza utamtafuta mtu aliyehama Dar. Uhamisho wa umiliki unafanyika TRA, unahitaji TIN zenu wote wawili na mkataba wenye ushuru wa stempu. Zuia sehemu ya hela mpaka kadi itoke na jina lako, na mliandike hilo kwenye mkataba kabla hujavuka daraja la Kigongo kuja kupanda basi.