Namna ya Kuandaa Kalenda ya Matukio ya Mwaka 1914 Bila Kuisahau Afrika Mashariki

Mwanafunzi au mwalimu anayetafuta matukio ya mwaka 1914 hukuta orodha ileile karibu kila mahali: mauaji ya Sarajevo, nchi kutangaziana vita, mapigano ya Marne, mahandaki ya Ufaransa, basi. Orodha hiyo si ya uongo, lakini humfanya msomaji wa Tanga, Taveta au Kigoma aamini kwamba mwaka huo ulikuwa wa watu wengine. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa kalenda ya mwaka huo kwa ajili ya darasa, jarida la shule au utafiti wa mtu binafsi, kwa utaratibu unaoyaweka matukio ya dunia na ya kwetu katika karatasi moja, na unaotenganisha yaliyotokea na yale ambayo watu wa wakati ule walikuwa wamekwisha kuyajua.

Kwanza, anza Januari. Anayeanzia Juni huufanya mwaka mzima uonekane kama njia iliyonyooka kuelekea vitani, ilhali kwa miezi saba watu walikuwa na shughuli zao. Tarehe 1 Januari Waingereza waliunganisha Kaskazini na Kusini kuwa Nijeria moja. Siku chache baadaye kampuni ya Henry Ford ilitangaza ujira wa dola 5 kwa siku. Februari reli iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Kigoma, na maonyesho makubwa ya kuisherehekea yakapangwa kufanyika Dar es Salaam mwezi Agosti. Aprili majeshi ya Marekani yaliingia Veracruz, nchini Meksiko. Mei meli ya Komagata Maru iliwasili Vancouver ikiwa na abiria 376 kutoka India, wengi wao Masingasinga, na karibu wote walikatazwa kushuka. Julai Gandhi aliondoka Afrika Kusini baada ya zaidi ya miaka 20. Yaandike mambo haya kwa uzito wake yenyewe, bila kuyafanya dalili za vita.

Pili, chora safu nne: tarehe, mahali, tukio, na siku ambayo habari iliwafikia wahusika. Safu ya nne huachwa na wengi, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kuliko zote. Mfano mzuri uko Ziwa Nyasa. Katikati ya Agosti meli ya Kiingereza iitwayo Gwendolen ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, mahali panapoitwa leo Liuli. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajaambiwa kwamba kuna vita, na Mwingereza aliyemfyatulia mzinga alikuwa mtu anayefahamiana naye. Kalenda isiyo na safu ya nne itaandika tu kwamba meli ilishambuliwa, na msomaji hatatambua kwamba kwa watu wa Liuli vita vilianza kwa mlio wa mzinga, si kwa tangazo.

Tatu, majuma ya Julai yahitaji uangalifu wa pekee. Tarehe 28 Juni Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, alimpiga risasi na kumuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Austria-Hungaria haikuipelekea Serbia masharti yake mpaka tarehe 23 Julai, ikiipa saa 48 kujibu. Usiyarushe majuma hayo yaliyo katikati, kwani yanaonyesha kwamba mauaji peke yake hayakuwa vita, bali kulikuwa na watu walioketi na kuamua. Baada ya hapo andika kila tangazo kwa kutaja nani alimtangazia nani: 28 Julai Austria-Hungaria dhidi ya Serbia, 1 Agosti Ujerumani dhidi ya Urusi, 3 Agosti Ujerumani dhidi ya Ufaransa, na 4 Agosti Uingereza dhidi ya Ujerumani baada ya majeshi ya Kijerumani kuingia Ubelgiji. Sentensi kama “vita vilizuka Ulaya” haifai katika kalenda, kwa sababu inaficha watendaji.

Hapo tarehe na saa huanza kupotosha. Urusi ilikuwa ikitumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma kwa siku 13, hivyo amri ya kuliita jeshi lake lote, tunayoiweka 30 Julai, katika nyaraka za Kirusi ina tarehe 17 Julai. Chagua kalenda moja na uitumie mwanzo hadi mwisho. Kuhusu saa, muda ambao Uingereza iliipa Ujerumani ulimalizika saa 5 usiku mjini London tarehe 4 Agosti, wakati Berlin ilikuwa saa 6 usiku. Kwa saa za Afrika Mashariki za leo ni saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 5. Ukisoma “11” katika maandishi ya Kiingereza usiinakili ilivyo, maana msomaji wa Kiswahili ataelewa alfajiri au jioni.

Nne, jaza Agosti ya Afrika, na hapa usione haya kutumia kurasa nyingi. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga. Siku hiyohiyo, huko Duala, Kamerun, Wajerumani walimnyonga Rudolf Duala Manga Bell, mfalme aliyepinga watu wake kunyang’anywa ardhi. Tarehe 15 Wajerumani waliiteka Taveta, siku ileile ambayo Mfereji wa Panama ulifunguliwa rasmi. Katika Ziwa Tanganyika meli ya Kijerumani iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na hivyo Kongo, koloni la Ubelgiji, ikaingizwa vitani. Tarehe 26 Togo, koloni la Kijerumani, ikasalimu amri kwa Waingereza na Wafaransa. Septemba, tarehe 20, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar ilipokuwa imetia nanga kwa matengenezo.

Si kila tukio la Agosti lilizaliwa na vita. Mwezi huo serikali ya kikoloni ya Waingereza ililipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama wa pwani ya Kenya, na Wagiriama wakapigana nayo. Ukiliweka tukio hilo chini ya kichwa cha vita vya dunia utakuwa umekosea, kwa kuwa ugomvi wa kodi, kazi za lazima na ardhi ya ng’ambo ya Mto Sabaki ulikuwapo tangu mwaka uliotangulia, Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama, alipowaapisha watu wasitii. Vita viliongeza haraka ya wakoloni kutaka vibarua na wapagazi, lakini havikuanzisha malalamiko. Tumia wino wa rangi nyingine kwa matukio yenye chanzo chake cha zamani.

Tano, kwa kila tukio kubwa andika ni akina nani waliokuwa uwanjani. Chukua mapigano ya Tanga. Usiku wa 2 Novemba Waingereza walianza kushusha askari kutoka katika kikosi cha watu takriban 8,000, kilichotoka India chini ya Jenerali Aitken. Mashambulizi makubwa yalikuwa tarehe 4, na tarehe 5 wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi nyingi. Upande wa pili Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000, wengi waliosafirishwa kwa reli ya Usambara. Ukiandika “Wajerumani waliwashinda Waingereza” utakuwa umewafuta wengi wa waliopigana: wakubwa walikuwa Wazungu, lakini katika mitaa na mashamba ya Tanga wengi waliouana walikuwa Waafrika na Wahindi. Nyuki waliowashambulia askari wana haki ya kutajwa, lakini kwa mstari mmoja. Wasiwe ndio sababu ya ushindi, kwani uzembe wa kutopeleleza mji na siku zilizopotezwa vilikuwa na uzito zaidi.

Tarehe 14 Novemba, mjini Istanbul, Dola ya Osmania iliyokuwa imejiunga na Ujerumani ilitangaza jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Tukio hili liwekwe karibu na mistari ya pwani, kwa sababu liliwagusa Waislamu walioishi chini ya bendera za pande zote mbili, na Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar alibaki upande wa Waingereza. Tarehe 18 Desemba Uingereza ikaifanya Misri nchi iliyo chini ya ulinzi wake.

Majina ya mahali yaandike kama yalivyokuwa, ukifuatisha ya leo: Wilhelmstal, sasa Lushoto, Bismarckburg, sasa Kasanga, Usumbura, sasa Bujumbura. Urusi ilibadilisha jina la mji wake mkuu mwaka huohuo, kutoka St. Petersburg kuwa Petrograd, kwa hiyo jina utakalotumia lategemea mwezi.

Mwisho wa karatasi weka kisanduku kinachoeleza hali ilivyokuwa tarehe 31 Desemba, bila kugusa yaliyofuata. Taveta imo mikononi mwa Wajerumani. Königsberg imefungiwa katika delta ya Rufiji, na meli za Kiingereza zinalinda milango ya mto. Tanga haijatekwa. Hakuna aliyekuwa na uhakika wa mshindi, na kalenda yako nayo isimtaje.