Ulitumia kondomu, lakini hofu ya VVU haikuachi: fanya hivi

1. Jiulize swali moja: kondomu ilibaki nzima na mahali pake tangu mwanzo hadi mwisho? Kondomu ikipasuka kwa kawaida utaona. Mpira hufunguka wazi. Kama haikupasuka wala kuchomoka, huhitaji PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kukutana na hatari. Mate, busu na jasho haviambukizi VVU.

Ikiwa ilipasuka, ilichomoka au ilivaliwa katikati ya tendo, acha kusoma, nenda kituo cha afya sasa hivi. PEP huanzwa kabla ya saa 72 kupita, mapema iwezekanavyo, na vidonge humezwa siku 28 bila kuruka.

2. Weka tarehe ya kipimo kimoja. Kipimo cha kutoboa kidole hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, nazo huchukua wiki kadhaa kutosha. Ukipima siku ya tatu, unapata habari za zamani. Pima siku ya 90, kisha funga hesabu.

3. Acha kuukagua mwili. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tezi za shingo ukizibonyeza mara ishirini kwa siku, zitauma. Hofu yenyewe huleta jasho, kuharisha, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, halafu mtu anaziita dalili za VVU. Ukipata homa, kapime malaria. Hamu ya kujikagua ikija, iahirishe dakika 15, kesho yake 30. Vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6. Hamu hiyo itapanda, kisha itashuka yenyewe. Kusaka dalili mtandaoni nako ni kujikagua, sawa na kumuuliza rafiki yuleyule kila jioni.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, nimepima wiki ya 13 na ya 16, zote hasi. Bado siamini.*
Ndugu, VVU huna. Kipimo cha tatu kitakutuliza siku mbili tu. Kinachokutesa sasa ni wasiwasi, nao unatibika: muone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, umweleze umepima mara ngapi.

*Tulipaka mafuta ya nazi juu ya kondomu. Kuna shida?*
Ipo. Mafuta hudhoofisha mpira haraka. Kama saa 72 hazijapita, kaeleze kituoni waamue kuhusu PEP. Siku nyingine tumia kilainishi cha maji.

*Nilijipima kwa mate, mstari wa pili ukatokea baada ya saa mbili.*
Kipimo hicho husomwa kati ya dakika 20 na 40. Usomaji wa baadaye haufai. Karudie kituoni kwa damu.